Wingi wa virusi: ifuate namba yako kutoka mkononi hadi kwenye kadi

Mama mmoja anayeuza ndizi mbivu soko la Mbuyuni, hapa Moshi, aliwahi kunionyesha kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU. Anajua nafanya kazi maabara, na tumezoeana miaka mingi. Kwenye sehemu ya wingi wa virusi kulikuwa na tarehe tatu za kutolewa damu, lakini namba hakuna hata moja. Nikamuuliza, "Mama, damu umetoa mara tatu. Majibu umepata mangapi?" Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, wangeona tatizo si wangeniita?"

Tulipofuatilia tukakuta sampuli mbili hazikuwahi kufika maabara. Ya tatu ilikataliwa kwa sababu damu ilikuwa imeganda ndani ya chupa. Kwa hiyo kwa muda wote huo hakuna aliyeona tatizo, kwa kuwa hakuna aliyeangalia. Ameniruhusu niisimulie habari hii bila jina lake. Mwongozo huu nauandika kwa ajili yake na kwa wengine wengi wanaodhani kimya cha kliniki ni jibu.

Kinachohesabiwa ni nini hasa

Watu wengi huchanganya vipimo viwili. Kile cha kuchoma kidole, ulichopimwa siku ya kwanza, hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili wako ulitengeneza baada ya kuvamiwa. Kingamwili hubaki miaka na miaka hata dawa zikifanya kazi vizuri namna gani. Kurudia kipimo hicho ili uone kama umepona ni kujiumiza moyo bure.

Kipimo cha wingi wa virusi hutafuta kirusi chenyewe. Kila kirusi hubeba ndani yake nyuzi mbili za RNA, yaani maelekezo ya kutengeneza virusi wengine. Mashine huhesabu maelekezo hayo, na jibu huandikwa kwa nakala katika kila mililita ya maji ya damu (plazma).

Kwa nini namba hii ina uzito kuliko nyingine zote? Katikati ya miaka ya 1990, David Ho, Alan Perelson na wenzao huko Marekani waliwapa wagonjwa dawa yenye nguvu, kisha wakahesabu virusi siku baada ya siku. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba kirusi hutulia tu mwilini kwa miaka mingi. Walichokiona kiliwashangaza. Kwa mtu asiyetumia dawa, virusi kama bilioni 10 huzalishwa kila siku. Kirusi kikishatoka kwenye seli hudumu ndani ya damu kwa saa chache tu, na seli inayokizalisha hufa baada ya siku kama mbili. Maana yake ni kwamba virusi vinavyokutwa kwenye damu yako ya leo ni uzalishaji wa jana na leo. Namba hii inakuambia hali ya kiwanda kwa sasa, si kumbukumbu ya mwaka jana.

Dawa za kufubaza virusi hukizuia kiwanda hicho kisifanye kazi. Haziviondoi virusi vilivyojificha kwenye seli zilizolala, na ndiyo sababu mtu akiacha dawa virusi huanza kuonekana tena, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nne. Sisi wa mikoa hii tunakumbuka mwaka 2011, foleni za magari kuelekea Samunge, Loliondo, watu wakienda kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, kwa shilingi 500, wakiamini kitawaponya. Wako walioacha dawa baada ya pale wakijisikia wazima. Na kweli walijisikia wazima, kwa sababu kinga hushuka polepole na mwili huchelewa kulalamika. Wakati ule wengi wetu tulikuwa na CD4 tu ya kutegemea, yaani hesabu ya chembe za kinga. Kipimo cha wingi wa virusi kingewaonyesha ndani ya mwezi mmoja kile ambacho mwili uliwaambia wakiwa tayari wamelala wodini.

Hatua ya kwanza: ijue tarehe yako kabla kliniki haijakukumbusha

Ratiba ya msingi inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni hii: kipimo cha kwanza miezi 6 baada ya kuanza dawa, cha pili miezi 12 baada ya kuanza, kisha mara moja kila mwaka ikiwa virusi vimefubaa. Watoto, vijana wadogo na waliobadilishiwa dawa hufuatiliwa kwa karibu zaidi, hivyo waulize wahudumu wako ratiba yao ikoje.

Mjamzito ana ratiba yake, na hapa naomba dada zangu msikilize vizuri. Aliyeanza dawa akiwa mjamzito hupimwa kama miezi 3 baada ya kuanza. Aliyekuwa tayari kwenye dawa hupimwa anapohudhuria kliniki ya wajawazito mara ya kwanza. Wote hupimwa tena mimba ikiwa na wiki 34 hadi 36, kwa sababu namba ile ndiyo inayosaidia kuamua mtoto apewe dawa gani za kinga akizaliwa. Baada ya kujifungua ni miezi 3, kisha kila miezi 6 kwa muda wote wa kunyonyesha. Ukifika wiki ya 36 na hujatolewa damu, usisubiri kuitwa.

Siku hizi wengi huchukua dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Ni nafuu kubwa kwa anayetoka Tarakea au Longido, lakini pia ni rahisi mwaka mzima kupita bila kipimo, maana unafika dirishani, unapewa makopo, unaondoka. Iandike tarehe yako pale unapoandika ada ya shule. Ukiwa kwenye vituo vya serikali, dawa na kipimo hiki havilipiwi.

Hatua ya pili: asubuhi ya kutoa damu

Huhitaji kufunga. Kunywa chai yako, kula, na kunywa maji ya kutosha ili mshipa upatikane bila kutafutwa sana. Dawa meza kwa saa ile ile uliyoizoea. Wapo wanaomeza viwili asubuhi hiyo wakitumaini kuishusha namba. Haishuki kwa kidonge kimoja cha ziada, na unamnyima daktari picha halisi ya mwili wako.

Kama wiki hizo umeugua malaria au homa kali, au umechanjwa, mwambie mhudumu. Mwili ukipambana na jambo jingine namba inaweza kupanda kidogo kwa muda, na ni vizuri kipimo kikisomwa huku hilo likijulikana, au kikasogezwa mbele wiki chache.

Kisha fanya jambo moja dogo ambalo wengi huona haya kulifanya: soma maandishi yaliyoko kwenye chupa kabla hujainuka kitini. Jina na namba yako ya CTC vifanane na vya kwenye kadi. Tarakimu moja ikikosewa, majibu yako yataingia kwenye faili la mtu mwingine, na wewe ya kwako hutayapata.

Hatua ya tatu: safari ya chupa

Hii ndiyo sehemu ninayoifahamu kwa mikono yangu, na ndiko namba nyingi zinakopotelea.

Chupa inayotumika huwa na kifuniko cha zambarau. Ndani yake mna dawa ya kuzuia damu isigande. Inatosha kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Chupa ikishajaa lazima igeuzwe taratibu, juu chini, mara 8 hadi 10. Isitikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi, maana chembe za damu zitapasuka. Isipogeuzwa kabisa, damu inaganda na maabara inaikataa. Ndicho kilichoikuta sampuli ya tatu ya yule mama. Ukiona chupa yako imewekwa tu mezani bila kugeuzwa, sema kwa heshima: "Dada, naomba uigeuze kidogo isigande." Hakuna atakayekuchukia kwa hilo.

Baada ya hapo saa zinahesabiwa. Damu nzima inatakiwa izungushwe kwenye mashine ndani ya saa 24 ili plazma, yale maji ya njano, itengane na chembe. Baadhi ya maabara hutaka iwe mapema zaidi. RNA ni kitu dhaifu. Joto na ucheleweshaji huiharibu, na ikiharibika namba itatoka ndogo kuliko ukweli. Plazma ikishatengwa hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 kwa siku chache, au hugandishwa. Sasa fikiria kituo kilichoko mbali Ngorongoro, mvua za Aprili, na bodaboda yenye kisanduku cha barafu. Wanaofanya kazi ile nawaheshimu sana.

Kwa maeneo ya namna hiyo kuna njia ya pili, matone ya damu kwenye karatasi maalumu. Matone matano hudondoshwa kwenye miduara iliyochorwa, yanaachwa yakauke vizuri kivulini, mbali na jua na vumbi, kisha karatasi inafungwa kwenye bahasha yenye vifuko vya kunyonya unyevu. Haihitaji barafu. Udhaifu wake ni kwamba haioni vizuri namba ndogo, kwa kuwa damu kwenye karatasi ina seli nzima ndani yake, na seli zenye virusi vilivyolala zinaweza kuongeza hesabu. Karatasi inajibu vizuri swali la "juu au chini ya 1,000?" Kwa maswali madogo kuliko hilo, plazma ni bora.

Maabarani, mashine huigeuza RNA kuwa DNA, halafu huirudufu: moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Baada ya mizunguko 30, uzi mmoja umeshazaa nakala zaidi ya bilioni moja. Kila nakala huongeza mwanga kidogo. Damu yenye virusi wengi huwaka mapema, yenye wachache huchelewa, isiyo navyo haiwaki. Kutokana na mzunguko ambao mwanga ulianza kuonekana, mashine hupiga hesabu ya virusi vilivyokuwemo mwanzo. Mashine kubwa kama zilizoko hospitali ya KCMC, hapa Moshi, hupima sampuli nyingi kwa pamoja. GeneXpert, ile ile ambayo watu wa kifua kikuu wanaifahamu, inaweza kutoa jibu la sampuli moja kwa muda wa kama saa moja na nusu.

Kabla hujaondoka kliniki uliza mambo mawili tu: damu yangu imechukuliwa kwa chupa au kwa karatasi? Na nirudi au nipige simu lini kuulizia? Yaandike majibu yote mawili. Tarehe hiyo ikipita bila jibu, uliza kama sampuli ilipokelewa maabara. Ukijibiwa "ilikataliwa", omba itolewe nyingine siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: kuisoma namba

Usikubali "uko vizuri" peke yake. Omba uambiwe namba, nayo iandikwe kwenye kadi.

Karatasi ya majibu ikiwa na herufi TND, maana yake virusi havikuonekana kabisa kwenye sampuli ile. Ikiwa imeandikwa "chini ya 20" au "chini ya 50", kwa kutegemea mashine, maana yake viliguswa vichache mno kuhesabika. Majibu yote mawili ni ya kufurahia. Kuna watu wanaolala macho kwa sababu mwaka jana walikuwa TND na mwaka huu wameandikiwa "chini ya 20". Laleni usingizi.

Kati ya 50 na 1,000, virusi vimefubaa lakini vinaonekana. Mara nyingi ni kupanda kwa mara moja na kurudi chini chenyewe, hasa namba ikiwa chini ya 200. Hata hivyo jiulize kuhusu dawa, na uulize kliniki kama watarudia kipimo baada ya miezi 3 badala ya mwaka.

Zaidi ya 1,000, kiwanda kinafanya kazi. Hatua ya tano inakuhusu.

Kuhusu kulinganisha namba mbili: hapa usihesabu kama fedha. Virusi huongezeka kwa kuzidishana, hivyo wataalamu huzipima namba kwa makumi. 1,000, yaani 10 × 10 × 10, ni 3, 10,000 ni 4, 100,000 ni 5, na kila hatua moja ni mara kumi. Mashine zenyewe na mabadiliko ya kawaida ya mwili yanaweza kuitofautisha namba hata mara mbili bila chochote kubadilika. Kwa hiyo aliyetoka 20,000 akafika 35,000 hajabadilika sana, ingawa 15,000 zilizoongezeka zinatisha machoni. Aliyetoka 20,000 akafika 2,000 ameshuka hatua nzima, na hiyo ni habari kubwa, ingawa bado yuko juu ya 1,000. Tofauti ya mara tatu au zaidi ndiyo ya kuichukulia kwa uzito.

Aliyeanza dawa zenye dolutegravir, kidonge kile kimoja cha siku ambacho wengi wetu tunakitumia sasa, mara nyingi hushuka chini ya 50 ndani ya miezi mitatu, hata kama alianzia kwenye laki kadhaa.

Na suala la mwenza. Mtu ambaye virusi vyake havionekani na anaendelea na dawa hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Hili limechunguzwa kwa maelfu ya watu wenye wenza wasio na virusi, na Shirika la Afya Duniani limelisema wazi. Kwa anayenyonyesha, namba ya chini hupunguza sana hatari kwa mtoto lakini haiifuti yote, ndiyo maana ratiba yake ya vipimo ni ya karibu zaidi.

Hatua ya tano: ikipanda juu ya 1,000

Yule mama alitolewa damu mara ya nne. Safari hii niliomba nimsindikize. Majibu yakarudi: 4,600.

Alilia. Akaapa kwamba hajawahi kuruka kidonge, nami nilimwamini. Mshauri nasaha wa kliniki ile alifanya kazi ambayo hadi leo naisifu. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mama, nisimulie jioni yako, kuanzia unapofunga biashara mpaka unapolala." Ndipo ikatoka: kila usiku baada ya chakula, kwa sababu ya kiungulia, alikuwa anatafuna vidonge vya tumbo vya kununua dukani, na hapo hapo anameza dawa yake.

Vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au aluminiamu huishika dolutegravir tumboni, ikapita bila kuingia kwenye damu. Dolutegravir imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, pamoja na kalsiamu, navyo vina tabia hiyo. Ila hivi vya chuma na kalsiamu unaweza kuvimeza pamoja na dawa ikiwa ni wakati wa chakula, la sivyo viachanishe kwa saa zile zile. Rifampisini ya kifua kikuu huifanya dolutegravir iondoke mwilini haraka, kwa hiyo anayetibiwa TB hupewa dolutegravir mara mbili kwa siku. Carbamazepine ya kifafa ina tatizo kama hilo. Beba kila kitu unachotumia ukienda kliniki, hata mizizi na unga wa kuchemsha.

Wengine sababu yao ni maisha tu. Mpagazi anapanda na wageni njia ya Machame siku 6 au 7, analala hema moja na wenzake wanne, na kopo la dawa likigongana kwenye begi linasikika. Hamishia vidonge kwenye mfuko mkavu, vya siku zote za safari pamoja na vya siku mbili za ziada. Desemba, ukoo mzima ukirudi Rombo na Marangu, nyumba imejaa watu na mtu anaona aibu kumeza mbele ya shemeji. Panga mapema ni saa ngapi utakuwa peke yako. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki chini ya saa 4 kufikia kidonge kinachofuata. Hapo subiri hicho. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Namba ikiwa juu ya 1,000, dawa haibadilishwi siku hiyo. Unapewa ushauri nasaha wa kina kuhusu ufuasi, yaani kumeza dawa bila kukosa, mnatafuta sababu pamoja, kisha kipimo kinarudiwa baada ya miezi 3. Ikibaki juu, daktari anaweza kuomba kipimo cha usugu, kinachosoma kama kirusi kimebadilika na kuizoea dawa. Kipimo hicho kinahitaji virusi vya kutosha kwenye damu, tena mtu awe bado anatumia dawa wakati anatolewa. Ukiacha dawa, kirusi cha asili hurudi kwa wingi na kukifunika kile sugu, kipimo kisikione.

CD4 na vingine, kwa ufupi

CD4 haipimi virusi. Inapima kinga iliyobaki. Hupanda polepole, hushuka ukiugua, hutofautiana hata asubuhi na jioni. Bado ina kazi yake: ikiwa chini ya 200, uko kwenye hatari ya magonjwa nyemelezi, na unapaswa kuchunguzwa TB na fangasi wa homa ya uti wa mgongo. Kwa kujua kama dawa inafanya kazi, usiitegemee. Kuna pia kipimo cha protini iitwayo p24, sehemu ya ganda la kirusi, kinachosaidia kugundua maambukizi mapya kabla ya kingamwili kutokea. Kwa ufuatiliaji wa kila mwaka huna haja nacho.

Yule mama aliambiwa avihamishie vidonge vya kiungulia mchana, na dawa yake aendelee nayo usiku. Baada ya miezi mitatu nilipita Mbuyuni jioni, akaniita kabla sijafika kwenye meza yake. Aliifuta mikono kwa kanga, akaitoa kadi kwenye kibeti, akanionyesha kwa kidole: tarehe, na mbele yake, kwa wino wa bluu, TND. Kisha akageuza upande wa pili. Alikuwa ameshaandika kwa mkono wake tarehe ya kipimo kinachofuata.